Mkono Ulioshuka

Perpetua Kitundu aliingia chumba cha uchunguzi akiwa bado amevaa mkanda wa kupandia, na kabla hata hajakaa alisema, "Daktari, mkono wangu wa kulia unachelewa."

"Unauma?" aliuliza Dk. Elipendo Msengi, kisha akajicheka mwenyewe.

Perpetua naye alicheka. Kwa wapandaji wa Minara, mitambo ya umeme wa upepo, swali hilo lilikuwa limekufa zamani. Nyuma ya sikio la kila mmoja wao, chini ya ngozi, kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya mchele. Walikiita Kimya. Tangu siku kinapowekwa, mpandaji hasikii tena maumivu. Angeweza kuungua kwenye chuma kilichopata moto na asijue mpaka anuse ngozi yake mwenyewe.

"Unachelewa vipi, dada Perpetua?"

"Nikiuita, unakuja. Ila unakuja kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Majuzi nilikuwa nachana nywele, ukabaki njiani. Ikabidi niinamishe kichwa niufuate."

Nje ya dirisha mapanga ya mnara wa karibu yalikuwa yakizunguka, na kivuli chake kilipita juu ya mashamba ya alizeti, kikaja ukutani, kikaondoka. Ulikuwa msimu wa upepo mkali, msimu ambao nyanda za Singida zililisha umeme nusu ya nchi. Kwenye benchi la nje wapandaji wengine walikuwa wakingoja zamu zao.

Elipendo alimvua Perpetua mkanda, akamwomba alegeze blauzi, akasimama nyuma yake. Hakuanza kwa kugusa. Alitazama. Juu ya mfupa wa bega la kulia, mahali ambapo la kushoto lilikuwa limejaa nyama, palikuwa na bonde. Halikuwa kubwa. Alipitisha kidole hapo, kikazama kidogo.

"Inua mikono yote miwili kupitia pembeni. Polepole."

Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulianza kwa bega zima kujikweza kuelekea sikioni, kana kwamba Perpetua alikuwa akibeba kitu kwa siri, ndipo mkono ukafuata.

Kila daktari wa Minara alilijua bega kuliko kiungo kingine chochote. Makano manne, kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa, hulishika kwa kulizunguka, na moja kati ya hayo hupita juu, chini ya paa la mfupa. Mkono ukiinuliwa nafasi ya hapo hupungua, na kano husuguana na paa. Huko ndiko kubanwa. Likisuguliwa kwa muda mrefu, nyuzi zake huanza kukatika, na huko ndiko kuchanika. Kwa mtu wa kawaida kubanwa hupiga kelele: mkono ukifika katikati ya safari yake kwenda juu, mtu anakunja uso, na akiushusha tena anakunja uso palepale. Mwili unamwambia aache. Kwa mpandaji hakuna anayemwambia.

Ndiyo maana utaratibu ulisema wazi kwamba kila anayelalamikia bega afunguliwe Kimya kwanza, maumivu yarudi, kwa ridhaa yake, kisha apimwe.

"Nitahitaji kukufungua," alisema Elipendo.

Perpetua aligeuka. "Mama Huruma! Wewe?"

Hilo ndilo jina walilompa. Mwaka wake wa kwanza Elipendo alimfungua kijana mmoja mwenye kiwiko kibovu, na maumivu ya miezi yote yalimjia kwa mpigo mmoja. Alilia mpaka walio kwenye benchi wakaondoka. Tangu siku ile Elipendo alikuwa akitafuta njia nyingine, na wapandaji wakampenda kwa hilo. Wengine walikuwa wakibadilishana zamu ili wapimwe naye.

"Ukinifungua leo, kesho sipandi," alisema Perpetua. "Na nisipopanda, Yeremia atapewa mwenzi wa kupanda asiyemjua. Upepo huu, Daktari? Yule ni mume wa mdogo wangu. Sekunda aliniambia, dada, nakukabidhi. Nikae chini nihesabu alizeti huku shemeji yangu ananing'inia na mgeni?"

"Basi nipe mkono."

Aliujaribu mkono bila kukifungua Kimya. Aliunyanyua kwa mbele huku akilizuia bega lisipande. Akaukunja, akauzungushia ndani. Hakuna kilichomjibu, kama alivyotarajia. Akamwambia anyooshe mikono yote miwili mbele, dole gumba likitazama chini kama anayemwaga maji, akaisukuma. Wa kushoto ulikataa. Wa kulia uliyumba, ukakataa kidogo, ukakubali.

Mwisho alimkunja kiwiko, akauzungusha mkono kwa nje mpaka ulipokomea, akasema, "Uache hapohapo," akauachia.

Mkono ulirudi. Si wote, na si kwa ghafla. Ulirudi kama mlango usio na komeo.

Elipendo aliurudia uchunguzi. Safari hii Perpetua alikaza mwili mzima, akaegemea upande, na mkono ukakaa.

"Umeona?" alisema Perpetua. "Ulikuwa usingizi tu."

Jicho, mashine ya picha za ndani ya mwili, lilishuka kutoka darini, pete nyeupe yenye ukubwa wa ungo, likalizunguka bega likinguruma taratibu, kisha likaandika ukutani: kano la juu limevimba, limebanwa, ni zima. Anafaa kwa kazi.

Elipendo aliyasoma maneno hayo mara mbili. Alijua Jicho hupiga picha ya kano likiwa limetulia, halijui linavyobeba. Alijua pia kitu kingine rahisi zaidi, ambacho mwalimu wake alikuwa akikirudia darasani: mwenye maumivu anaweza kuushusha mkono kwa sababu unamuuma, lakini asiyesikia maumivu, mkono wake ukishuka, umeshuka kwa sababu haushikwi. Alilijua hilo vizuri kabisa. Lakini Perpetua alikuwa akimtazama kwa macho ya kumwamini, na benchi la nje lilikuwa limejaa.

"Uchovu," alisema. "Upumzishe kila ukipata nafasi. Urudi mwisho wa msimu."

"Mungu akubariki, Mama Huruma."

Elipendo akaweka kidole gumba ukutani, chini ya maneno ya Jicho, kuyathibitisha, na mlango ukafunguka.

*

King'ora kililia wiki hiyohiyo, asubuhi, jua likiwa limepanda.

Walimleta Yeremia Mkoma juu ya ubao, mwanamume mrefu mwenye ndevu chache, uso wake umetulia kabisa. Kimya kilikuwa kikifanya kazi yake. "Miguu siioni, Daktari," alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyepoteza kofia. "Ninaiona kwa macho, lakini siioni." Wakampitisha moja kwa moja kwenda upasuaji.

Perpetua alifuata kwa miguu yake. Mkono wa kulia ulikuwa ukining'inia ubavuni, na viganja vyote viwili vilikuwa vimechubuka na kamba.

Alieleza huku amesimama, kwani hakutaka kiti. Walikuwa wakiziba ufa kwenye panga. Huko juu, karibu na mashine, buibui wa chuma, zile roboti za ukarabati, hawafai, umeme huwachanganya, kwa hiyo kuna pumzi moja ya kupokezana: mmoja anahamisha ndoano yake na mwenzake anambeba kwa mkono. Walikuwa wamefanya hivyo maelfu ya mara. Yeremia alifungua ndoano, akampa mkono, Perpetua akaushika.

"Kisha nikamwachia," alisema. "Nilipoidaka kamba yake ya akiba alikuwa amekwisha kuupiga mnara kwa mgongo."

"Ulimwachia au alikuponyoka?"

"Daktari, nilikuwa nimemshika. Halafu sikuwa nimemshika. Hiyo inaitwaje kama si kumwachia?"

Elipendo alimkalisha kwa nguvu. Aliuchukua mkono wa kulia, akauinua pembeni mpaka usawa wa bega, akauachia taratibu. Ulianguka. Ulianguka wote, ukagonga paja, na Perpetua akautazama kama kitu cha mtu mwingine. Elipendo akapitisha kidole juu ya mfupa wa bega. Bonde lilikuwa palepale alipoliacha.

Wakati huo mlango ulisukumwa na Sekunda akaingia, mdogo wake Perpetua, kanga imefungwa ovyo, unga wa ugali bado uko vidoleni.

"Dada, wanasema umemwachia. Sema si kweli."

Perpetua aliinamisha kichwa.

"Nimekuuliza, dada!"

"Nimemwachia, Sekunda."

Katika Minara hapakuwa na neno baya kuliko hilo. Mwizi angesamehewa, mlevi angerudishwa kazini akishapata fahamu. Aliyemwachia mwenzake hakusalimiwa tena na mpandaji yeyote. Sekunda alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagusa mlango.

Elipendo alikuwa bado ameushika mkono ule. Sentensi ilikuwa mdomoni mwake, tayari, fupi: *mkono wake ulikuwa umekwisha kuchanika, na mimi nilijua.* Alivuta pumzi ya kuisema. Sekunda akageuka, akatoka, na pumzi ile ikaishia kuwa pumzi tu.

*

"Usilolisema halina haja ya kutetewa," alisema Dk. Shabani Gwae.

Gwae alikuwa mkuu wa kituo cha afya cha Minara, mzee mpole mwenye kupenda kunyoosha vitu mezani. Ofisini kwake picha mbili za Jicho zilikuwa ukutani pembeni kwa pembeni: ya kabla, kano likiwa zima, na ya baada, kano likiwa vipande viwili.

"Baraza la Minara litakalomhukumu litasoma hivi," akaendelea. "Mpandaji alizembea, akaachia. Alipoona anachokifanya akadaka kamba kwa mkono uleule, ndipo bega likachanika. Picha zinakubaliana. Wewe utaulizwa tu kama hizi ni picha za Perpetua Kitundu. Utasema ndiyo."

"Lile bonde la nyama, Dokta. Nyama haiyeyuki kwa asubuhi moja. Bega lile lina miezi halishikwi sawasawa."

"Umelipima lini?"

"Siku aliyokuja."

"Na ulisema anafaa."

Elipendo alizitazama zile picha mbili ukutani.

Gwae aliinuka, akaenda dirishani. Hakusema kwa ukali. "Mwanangu, sikutishi. Lakini fikiria. Ukisimama mbele ya Baraza useme Jicho lilikosea na mkono wako ulijua, hakuna mpandaji hata mmoja atakayehesabiwa kuwa mzima tena. Minara itasimama. Hospitali ngapi zinakula umeme huu? Watoto njiti wangapi wako kwenye mashine za joto dakika hii? Upande mmoja weka hao. Upande wa pili weka jina la mwanamke mmoja, ambaye mwenyewe anakiri."

"Anakiri kwa sababu hajui."

"Na akijua, Yeremia atatembea?"

Jambo lililomtesa njiani kurudi wodini ni kwamba hoja za Gwae zilimpa nafuu. Alizikumbatia. Alijiambia watoto njiti, watoto njiti, mpaka alipotambua kwamba hakuwa akiwafikiria watoto hata kidogo. Alikuwa akifikiria uso wa Perpetua siku atakapojua.

Yeremia alikuwa amelazwa chali, kifua kimefungwa. Waliomfanyia upasuaji walikuwa wamekwisha kusema kuhusu miguu. Alimkaribisha daktari kwa kichwa.

"Sekunda haendi kumwona dada yake," alisema. "Nimemwambia aende, hataki. Nikimwambia Perpetua hakuniachia, ananiambia, wewe unamtetea kwa sababu una moyo mzuri. Kila mtu ananiambia nina moyo mzuri. Nimechoka na moyo huo."

"Ulihisi nini kule juu?"

"Vidole vyake. Vilinikaba hapa," akagusa kifundo cha mkono wake, ambapo alama nne za bluu zilikuwa bado zinaonekana. "Vilinikaba mpaka mwisho. Anayeachia hulegeza vidole, sivyo? Hakulegeza. Ni mkono mzima ulioteremka, kutoka huku juu, na mimi nikateremka nao, ndipo nikachomoka." Akageuza uso kumtazama. "Wewe umesomea haya. Mkono wa mtu unaweza kushuka wenyewe, bila yeye kutaka?"

Elipendo alirekebisha shuka ambayo haikuhitaji kurekebishwa.

"Upumzike kwanza, kaka Yeremia. Tutazungumza."

"Sawa, Daktari," alisema Yeremia, na akafumba macho kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kumsumbua mwenyeji.

Elipendo alitoka hadi kwenye korido, akaegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani naye awe na Kimya, kisha akaona kwamba kisingemsaidia kitu. Kilichokuwa kikimuuma hakikuwa na mshipa.

*

Baraza la Minara lilikaa ukumbi wa wapandaji, milango wazi. Mwenyekiti alikuwa Bi. Mwajabu Ntandu, mpandaji wa zamani mwenye sauti ya kukwaruza. Wapandaji walijaa mpaka nje. Perpetua aliketi mbele, na viti viwili, kimoja kila upande wake, vilikuwa vitupu, ingawa watu walikuwa wamesimama kwa kukosa pa kukaa. Sekunda alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Perpetua Kitundu," alisema Bi. Mwajabu. "Uliachia?"

"Niliachia."

"Una la kujitetea?"

"Sina, mama."

Guno lilipita ukumbini. Bi. Mwajabu aliyaminya macho kwa vidole kama anayeumwa kichwa, akaita, "Daktari Msengi. Picha hizi ni zake?"

Elipendo alisimama. Gwae, aliyekuwa kiti cha jirani, hakumtazama.

"Ni zake," alisema Elipendo. "Lakini picha hazitoshi. Naomba nimpime hapa, mbele yenu, kwa mikono."

"Kwa nini?"

"Mkiruhusu mtaona."

Bi. Mwajabu aliashiria kwa mkono aendelee. Perpetua alisimama bila kuuliza. Alikuwa amefikia hatua ya kutii kila kitu. Elipendo alimsogeza mgongo wake uwaelekee watu, akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akaishusha ionekane sehemu ya juu ya mabega.

"Tazameni hapa," alisema, na kidole chake kikazama. "Na hapa upande wa kushoto. Nyama ya bega inakonda pale kano lake lisipoivuta. Haikondi kwa siku moja. Wengi wenu mnafuga. Ng'ombe akivunjika mguu leo, paja lake halikondi leo."

Mzee mmoja alitikisa kichwa kukubali.

Akauinua mkono wa kulia, akauachia. Ulianguka. Kisha akamkunja kiwiko, akauzungusha mkono kwa nje, akasema kama alivyosema siku ile, "Uache hapohapo," akauachia, na mkono ukarudi wote tumboni.

"Anajilegeza," alisema mtu.

"Shika hapa," Elipendo alimwambia mtu yule. "Njoo ushike. Anajitahidi. Sikia misuli ya shingo inavyokaza ili kuusaidia. Na vidole vyako, dada Perpetua, vikaze." Mtu yule alipobanwa na vidole hivyo, akakunja uso. "Umeona nguvu ya kiganja? Hakuna tatizo la mishipa ya fahamu, na hana maumivu ya kumfanya aogope. Mkono wa mtu kama huyu ukishuka, sababu ni moja tu. Kano limechanika. Na sehemu yake kubwa ilikuwa imekwisha kuchanika kabla hajapanda mnara siku ile. Alimshika Yeremia kwa vidole vyake vyote. Bega ndilo lililokosa kamba."

Bi. Mwajabu aliinamia mbele. "Unajuaje ilikuwa kabla?"

Sasa swali lenyewe lilikuwa limefika. Elipendo aliwageukia watu.

"Kwa sababu alikuja kwangu. Nililiona bonde hili. Niliuachia mkono huu kama nilivyouachia sasa hivi, ukarudi kidogo. Nilijua maana yake. Utaratibu ulinitaka nifungue Kimya, sikufungua. Niliurudia mara moja, akajikaza, nikafurahi kwamba amejikaza. Jicho likasema ni mzima, nikajificha nyuma ya Jicho."

"Aliomba apande?"

"Aliomba. Lakini kuomba ni haki ya mgonjwa. Kukataa ilikuwa kazi yangu. Mlikuwa mkiniita Mama Huruma. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyowapenda ninyi."

Perpetua alikuwa amegeuka. Alikuwa akifunga kifungo cha blauzi kwa mkono wa kushoto, akikikosa, akijaribu tena.

"Ulijua tangu siku ile ya kwanza?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na nilipokuambia nimemwachia, ukanipima, ulijua?"

"Nilijua."

"Mdogo wangu alisimama pale mlangoni. Nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba nimemwachia mume wake. Na wewe ulikuwa umeushika mkono wangu."

"Ndiyo."

Perpetua alibaki amekishika kifungo. Hakupandisha sauti. "Wewe uliusikia mkono wangu ukishuka, Daktari. Mimi sikuusikia."

Kutoka nyuma watu walianza kupishana. Sekunda alikuwa akija mbele, akisukuma mabega ya watu bila kuomba radhi. Elipendo alidhani anakuja kwake, akasimama wima kulipokea lolote. Sekunda alimpita. Alimfikia dada yake, akakiondoa kidole chake kwenye kifungo kile, akakifunga yeye, kisha akaketi kwenye kiti kitupu cha pembeni na kumvuta Perpetua aketi naye. Hawakukumbatiana. Walikaa bega kwa bega, na baada ya kitambo mpandaji mmoja akaja akajaza kiti cha upande wa pili.

*

Minara ilisimama, kama Gwae alivyosema. Si yote, wala si kwa muda aliouogopa. Mapanga mengi yaliendelea kuzunguka bila mtu juu yake, na hospitali zilipewa umeme kwanza, miji ikakaa gizani jioni. Watu wa miji walilalamika. Baadhi walilitaja jina la Elipendo walipokuwa wakilalamika.

Baraza lilimfutia Perpetua neno lile. Elipendo lilimnyang'anya mamlaka ya kumwambia mtu yeyote kwamba anafaa kwa kazi, kwa maisha yake yote. Kabla hajaondoka, alitakiwa kuwapima upya wapandaji wote aliowapitisha, kwa mikono, Kimya kikiwa wazi, mbele ya daktari mwingine. Hakukata rufaa.

Perpetua alifanyiwa upasuaji hospitali ya mkoa. Daktari mpasuaji alimpigia Elipendo simu mwenyewe. Kano lilikuwa limejivuta ndani sana, alisema, na nyama yake ilikuwa imegeuka mafuta. Amejaribu kulifikisha kwenye mfupa, limekataa. Lingeshonwa mapema, lingeshika.

"Mapema kiasi gani?" aliuliza Elipendo.

"Wiki zile za mwanzo alipoona mkono unachelewa. Hata siku aliyokuja kwako, nafikiri. Kabla halijamalizika lote."

Wakaafikiana kwamba Elipendo ndiye atakayemwambia. Hakuna aliyemlazimisha.

Alimkuta Perpetua ameketi kitandani, mkono umefungwa kifuani, Sekunda anamnywesha uji kwa kijiko. Sekunda alimwona, akaweka bakuli chini, akabaki palepale.

Elipendo hakuketi. "Halikushonwa," alisema. "Walijaribu. Hutaweza kuuinua mkono juu ya bega tena. Utakula, utaandika, utafua kidogo kidogo. Kupanda hutapanda. Na kama ningefanya kazi yangu siku uliyokuja, lingeshonwa. Nimeona ni lazima usikie kutoka kwangu."

Perpetua alikaa akilitazama blanketi. Sekunda alijifuta uso kwa ncha ya kanga, haraka, kama anayefukuza nzi.

"Nilitaka kukuomba msamaha," alisema Elipendo.

"Usiniombe."

"Sawa."

"Si kwamba nakataa kwa hasira. Ukiniomba, nitaona haya kukunyima, na nitakupa kitu ambacho sina." Perpetua alihema. "Sijakusamehe, Daktari. Labda siku moja. Usiwe unapita hapa kuangalia kama imefika."

"Sitapita."

"Wenzangu umewapima?"

"Naanza leo. Wanangoja kituoni."

"Basi unasimama hapa unafanya nini?"

Sekunda alichukua bakuli, akachota uji, akaupuliza. Elipendo aliinamisha kichwa kwa heshima, akatoka.

Alipofika kituoni benchi lilikuwa limejaa, na waliokosa nafasi walikuwa wameegemea ukuta chini ya jua. Walimwona tangu getini. Wachache waliondoa miguu apite. Hakuna aliyemsalimu. Daktari mwingine, mgeni, alikuwa tayari ameketi kona ya chumba. Elipendo alinawa mikono kwa maji ya uvuguvugu, akaikausha, akafungua mlango na kusema, "Wa kwanza."

Aliinuka mwanamume mnene wa makamo, akaingia, akageuka kuutazama mlango ukifungwa. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, bila kumwangalia usoni.